Soli za Baba Dokta

Jumamosi hiyo, kabla hata gundi haijashika kwenye kiatu cha kwanza, benchi la fundi viatu lilikuwa limeshajaa. Watu saba, na hakuna hata mmoja aliyeleta kiatu. Muuza mkaa alikuja na mama mkwe wake anayechechemea. Dereva wa lori alikuja na kiuno chake. Mama mmoja alimbeba mtoto mwenye vipele, mwingine alishika karatasi za hospitali zilizokunjwa mara nne, akitaka kusomewa. Wote walikuwa wamesikia kwamba Dokta amerudi likizo, na aliyewatangazia hakuwa mwingine ila baba mzazi wa huyo Dokta. Sasa alikuwa ametulia kwenye kigoda chake, kifua mbele, nyundo mkononi, akigonga misumari isiyohitaji kugongwa.

Juu ya kibanda kulikuwa na bango. Zamani liliandikwa FUNDI VIATU, basi. Siku binti alipopata nafasi chuo kikuu, fundi alimwita mchora mabango akaongeza mstari wa pili kwa rangi nyekundu: BABA DOKTA. Herufi za mstari wa pili zilikuwa kubwa kuliko za mstari wa kwanza, na hilo halikuwa kosa la mchoraji.

"Subirini kidogo," fundi aliwaambia wagonjwa wake. "Anamalizia chai. Dokta naye ni mtu."

Binti akatokea, daftari kwapani, futi ya mshonaji imening'inia shingoni. Alikuwa na jambo la kumwomba baba yake na alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima. Akawaamkia wakubwa, kisha akaliona benchi, akawaona na jinsi walivyomwinulia macho, na maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani.

"Hao hapo," fundi akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. "Nimekupangia kwa zamu. Anza na mama mkwe."

"Baba, njoo ndani kidogo."

"Ndani kuna nini? Sema hapa hapa. Hawa ni watu wa nyumbani."

"Siwezi kuwatibu, baba."

"Huna dawa? Waandikie tu, watanunua wenyewe."

"Siruhusiwi hata kuandika. Mimi si daktari. Wala sisomei udaktari. Nasomea biolojia ya binadamu."

Kwenye kibanda cha pili kinyozi alikuwa na kichwa cha mteja mkononi. Akazima mashine ili asikie vizuri. Kinyozi huyu na fundi walikuwa majirani wa miaka ishirini na kitu, na urafiki wao ulikuwa wa kutaniana asubuhi na kununiana mchana.

"Jirani," akaita taratibu, "kumbe miaka miwili yote hii tumemwita mtoto Dokta kwa mkopo?"

Dereva wa lori ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikapita benchi zima. Watu wakainuka. Mama wa karatasi akazikunja tena mara nne. Mama wa mtoto akamwambia mwenzake, wala hakunong'ona, "Bango lote lile!" Fundi akabaki na nyundo hewani. Angeweza kuipiga mahali popote, akakosa pa kuipiga.

Aliyebaki ni mama mkwe, kwa sababu kuinuka kwake kulihitaji muda. Binti akampa mkono, akamtazama akitembea hatua tatu, nne, kisha akapiga magoti pale vumbini na kuinua pindo la gauni la bibi yule ili avione viatu.

"Bibi, viatu hivi unatengenezewa na nani?"

"Na baba yako, mjukuu wangu. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Na kabla ya hapo? Mgongo ulikuwaje?"

"We acha! Nilikuwa nainuka kitandani kwa kulia."

Binti akaandika kitu kwenye daftari, macho yakimng'aa. Fundi hakusikia swali wala jibu. Alikuwa akilitazama bango lake, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba zile herufi nyekundu zinaonekana kutoka mbali mno.

*

Haki ya Mungu, kosa lilikuwa la wote wawili. Siku barua ya chuo ilipofika, binti aliisoma kwa sauti: Shahada ya Sayansi, Biolojia ya Binadamu. Fundi akauliza, "Hiyo si ndiyo ya miili ya watu?" Binti akajibu, "Ndiyo, baba, lakini..." Ile lakini ilimkuta fundi ameshafika kwa kinyozi. Jioni mtaa mzima ulijua. Binti aliona furaha ya baba yake, akasema atamweleza kesho, na kesho zikawa miaka miwili.

Sasa walikuwa sebuleni, mchana kweupe, chakula kimepoa mezani. Mama mtu, mshona sare za shule, alikuwa kwenye cherehani chake kando ya dirisha, akishona polepole ili asipitwe na neno.

"Nieleze," fundi akasema. "Mtu akiusoma mwili wa binadamu miaka mitatu, halafu hatibu, anaufanyia nini? Anautazama tu?"

"Anauelewa, baba."

"Anauelewa halafu?"

Hapo ndipo binti alipowaka. Alikuwa mtoto mpole, lakini ukimgusa hapo umegusa kiberiti. Akasogeza sahani, akaweka viwiko mezani. Akasema yuko dada aliyemtangulia darasa lile lile, leo yuko maabara akitafuta kwa nini ugonjwa fulani wa damu unatoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Yuko kaka mmoja ameajiriwa kiwandani, kazi yake kupima urefu wa meza na viti ili migongo ya wafanyakazi isiharibike. Wapo waliokwenda kwenye lishe ya watoto, wapo wanaofundisha, yupo mmoja anayetambua mifupa ya watu waliopotea ili ndugu zao wapate cha kuzika.

"Mwaka wa kwanza walituwekea sanduku la mifupa, wakatuambia tuipange. Mifupa mia mbili na sita. Wenzangu wote walianza na fuvu. Mimi nilianza na miguu, kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Na unajua mifupa ya miguuni ni mingapi, baba? Kuanzia hapa kwenye kifundo kushuka chini? Hamsini na miwili! Robo ya mifupa yote ya mwili. Yaani wewe kila siku unashika robo ya binadamu mikononi mwako!"

Fundi, pamoja na hasira zake, alitazama viganja vyake. Kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

"Na wewe mwenyewe unasomea nini katika hayo?"

"Mwendo."

"Mwendo gani?"

"Wa watu. Namna mtu anavyotembea."

Fundi akacheka kicheko kisicho na furaha ndani yake. "Mke wangu, unasikia? Miaka miwili chuo kikuu anajifunza kutembea. Mtoto wa jirani ana mwaka mmoja na ameshahitimu."

Mkewe akauma uzi kwa meno, maana angefungua mdomo angecheka.

"Jumatano tunasimama mbele ya jopo," binti akaendelea, sasa kwa haraka, kama mtu anayeona mlango unafungwa. "Kila mwanafunzi na utafiti wake. Wawili tu ndio watakaochukuliwa karakana ya viungo bandia, pale hospitali ya chuo. Huko ndiko wanakotengeneza miguu, baba! Mtu anaingia kwa magongo, anatoka anatembea. Ndicho ninachokitaka kuliko kitu chochote. Na ili nipate, nahitaji..." Akavuta pumzi. "Nahitaji magunia yako ya soli."

Hapa yafaa kueleza. Fundi huyu hakuwa akitupa soli kuukuu. Aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba soli iliyolika ni barua ya mteja, na barua haitupwi. Kila alipobandua soli aliiandika tarehe na unene aliouongeza kwa kalamu ya wino mzito, akaitunga kwenye kamba ya waya pamoja na za nyuma yake, kila mteja na kamba yake yenye jina. Mteja akirudi, fundi kwanza anaitazama kamba: huyu anakanyagia nje, huyu anaburuza kisigino, huyu mguu mmoja mfupi. Kisha anakata soli mpya kulingana na maradhi ya ile ya zamani. Kamba hizo zilijaza magunia kumi na moja nyuma ya kibanda, na harufu yake ilikuwa ugomvi wa kudumu ndani ya ndoa.

"Magunia yangu?" Fundi akasimama. "Leo nimechekwa na mtaa. Jumatano unataka nichekwe na maprofesa? Uwaambie hizi ndizo takataka za baba yangu?"

"Baba, si takataka..."

"Sikiliza. Utajaza fomu uhamie udaktari. Wakikataa, urudi nyumbani ukae na mama yako, ujifunze cherehani. Nimemaliza."

Binti aliirudisha sahani mahali pake. Angeweza kubisha, alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na miwili. Lakini alimpenda baba yake, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu.

"Ukisema nirudi, nitarudi," akasema. "Sitasoma huku umeninunia. Ila njoo Jumatano kwanza, uone. Ukishaona, useme tena."

Fundi akatoka. Cherehani kikaanza kwenda kwa kasi, mama mtu akiipiga pedali kana kwamba imemkosea.

*

Jumatatu asubuhi fundi alimwita mwenye mkokoteni. Magunia yote kumi na moja, mpaka kwenye tanuri la matofali. Pale walichoma chochote kinachowaka, na mpira unawaka vizuri. "Nimechoka kunuka," alisema. Kinyozi alichungulia, akataka kutania, akaona uso wa mwenzake, akairudisha shingo ndani.

Haikupita saa moja, muuza mkaa akamleta mama mkwe. Safari hii walileta kiatu. Cha kushoto, kisigino kimeachia.

"Kaa, mama, ni kazi ya dakika kumi," fundi akasema. Mkono wake ukaenda nyuma wenyewe, kama ulivyokwenda miaka yote, kuivuta kamba ya bibi. Ukashika hewa.

Akabaki ameinama hivyo hivyo. Aliongeza unene kiasi gani mara ya mwisho? Ngozi mbili au mbili na nusu? Mwaka ule bibi alipoanguka, alipunguza au alizidisha? Alijua kwamba ilikuwa imeandikwa. Alijua pia ilipo sasa.

"Unatafuta nini, fundi?"

"Kuna... kuna kitu nilikiweka hapa."

"Usijali, mwanangu, nitasubiri." Bibi akanyoosha mguu wake. "Halafu nilitaka kukwambia. Binti yako yule, mimi zamani nilizunguka hospitali nne kwa ajili ya mgongo huu. Walinipiga picha, wakanipa vidonge. Hakuna aliyewahi kutazama viatu vyangu. Yeye peke yake. Nikamwambia muuza mkaa wetu huyu: mtoto yule ana macho ya baba yake."

Fundi aliweka kiatu chini. Akaona aibu kubwa kuliko ile ya Jumamosi, kwa sababu hii alijitia mwenyewe. Kisha akaondoka mbio.

Alikimbia na aproni yake ya ngozi, nyundo bado mkononi, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, na barabara nzima ikampisha maana hakuna anayetaka kujua kwa nini mtu anakimbia na nyundo. Kinyozi akamwona.

"Jirani! Kuna nini?"

"Soli! Wanachoma soli!"

Kinyozi hakuelewa, lakini alielewa sauti. Akaacha mashine inanguruma mezani, akatoka mbio nyuma yake, na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akatoka mbio nyuma ya kinyozi akidai nusu yake.

Kwenye tanuri moshi mweusi ulikuwa umeshaanza. Gunia la kwanza lilikuwa limekwisha, la pili linamalizikia. Mchomaji alikuwa amelinyanyua la tatu.

"Weka chini!" fundi akapiga kelele. "Weka chini, hiyo ni kazi ya mtoto!"

Mchomaji akatazama nyundo, akaweka chini.

Magunia tisa. Fundi aliyafungua yote, akipekua kwa mikono miwili, kinyozi akisaidia na yule wa nusu kichwa akisoma majina kwa sauti, kwa kuwa naye alishakolea. Kamba ya mama mkwe ilikuwa kwenye gunia la saba: soli kumi na nne. Fundi akaibusu, mpira mchafu vile vile. Kisha akachungulia kwenye moto, akauona waya mmoja ulioanza kuwa mwekundu, na soli ndogo ndogo zinazoyeyuka juu yake. Ilikuwa kamba ya binti yake, tangu viatu vya chekechea. Aliitazama mpaka ikaisha. Iliuma, na hakuwa na wa kumlaumu.

Mkokoteni waliusukuma watatu. Walipofika nyumbani, binti alikuwa mlangoni na mama yake.

"Chagua unazozitaka," fundi akasema, akihema. "Magunia mawili yameungua, ni ujinga wangu. Na Jumatano nakuja. Soli zangu hazisafiri peke yao."

*

Ukumbi wa chuo ulikuwa na viti vya kukunja na feni moja inayolalamika. Fundi na mkewe walikaa nyuma kabisa. Fundi alikuwa amevaa koti la harusi yake, na viatu alivyovitengeneza mwenyewe, na hakuna aliyekuwa na viatu vizuri kama vyake humo ndani, alikuwa amehakikisha.

Binti yake alisimama mbele. Alitandaza kwenye meza ndefu soli kumi na nne za mama mkwe, jozi baada ya jozi, kwa mfuatano wa miaka.

"Jozi hii ni ya mwaka wa kwanza. Tazameni kulia, imelika mpaka ngozi. Kushoto haijaguswa. Mgonjwa huyu mguu mmoja ni mfupi, na kwa hiyo uzito wote umekwenda upande mmoja. Mwaka wa pili, fundi ameongeza ngozi moja kushoto. Oneni tofauti. Mwaka wa tatu, ngozi mbili. Na hapa, mwaka wa sita, pande zote zinalika sawa. Ndio mwaka ambao mgonjwa anasema mgongo uliacha kumuuma. Mashine yetu ya kupima nyayo inapima hatua za siku moja. Hizi zimepima hatua za miaka kumi na moja. Na ninazo kamba nyingine mia tatu na arobaini."

Watu wakaanza kusogeza viti mbele. Fundi alimtazama mkewe, mkewe akamfinya mkono. Kwenye jopo walikaa watatu: Profesa, mama wa makamo aliyevaa suruali ndefu nyeusi; kijana mmoja anayeandika; na mwalimu mwenye miwani aliyekuwa amekunja uso tangu kamba ya kwanza ilipotoka guniani.

"Binti," mwenye miwani akasema, "tarehe hizi ameandika nani?"

"Baba yangu. Ni fundi viatu."

"Ana elimu gani?"

"Shule ya msingi. Hakumaliza."

Mahali fulani mtu akaguna kwa kicheko. Mwenye miwani akainua soli moja kwa ncha za vidole viwili. "Kwa hiyo tunapokea ushahidi kutoka kwenye jalala. Tutajuaje kwamba huyo fundi anajua anachokifanya, na hakubahatisha?"

Binti akafungua mdomo. Lakini sauti iliyosikika ilitoka nyuma.

"Nileteeni kiatu."

Fundi alikuwa amesimama. Hakujua amesimama saa ngapi. Ila alishasema, na maji yakishamwagika hayazoleki.

"Chochote," akasema. "Sihitaji kumwona mwenyewe."

Mwenye miwani akamgeukia Profesa akitaka amtoe mzee huyu nje. Profesa alitabasamu kidogo, akamnong'oneza yule kijana. Kijana akatoka, akarudi na jozi moja ya viatu vyeusi vya kike, vya kufunga kamba.

Fundi alivipokea kwa mikono miwili. Ukumbi ukamtoka akilini. Akawa kibandani kwake. Akavigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa soli, akavikunja, akaingiza mkono ndani. Akanusa. Mtu akacheka tena na fundi hakusikia. Kisha uso wake ukabadilika, akainua macho kwa Profesa.

"Mama, naomba niseme pembeni."

"Sema hapa hapa, mzee."

"Cha kulia," fundi akaanza taratibu, "ngozi ya ndani imekuwa nyeusi kwa jasho, na vidole vitano vimeacha alama zao. Juu hapa kimekunjika, ni pale mguu unapopinda. Huo ni mguu wa kawaida. Cha kushoto ndani ni kisafi kama siku kilipotoka dukani. Juu hakina mkunjo hata mmoja. Lakini soli imelika, tena sana. Maana yake mguu umetembea, ila haupindi na hautoi jasho." Akashusha sauti. "Mwenye kiatu hiki, Mungu amsaidie, mguu wake wa kushoto si wa kuzaliwa nao."

Profesa akainama, akagonga muundi wake wa kushoto juu ya suruali kwa kalamu. Ngo, ngo, ngo. Mwenye miwani akavua miwani. Alikuwa amefanya kazi na Profesa miaka sita, wala hakujua.

"Samahani, mama," fundi akasema, "sikujua."

"Ungejuaje? Hata hawa hawajui." Profesa alikuwa akicheka, na macho yake yamejaa machozi. "Endelea. Kuna kingine?"

"Kipo kidogo. Huyo daktari aliyekutengenezea..."

"Si daktari, mzee. Daktari aliukata, akaniokoa maisha, na nitamshukuru mpaka naingia kaburini. Lakini aliyenisimamisha tena mbele ya darasa alikuwa mwanafunzi wangu. Alisoma humu humu, somo hili hili analosoma binti yako."

Fundi alimtazama binti yake. Binti alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Yale aliyoyasema Jumamosi sebuleni, ambayo baba yake aliyasikia kama mvua juu ya bati, sasa yalikuwa yamesimama mbele yake yamevaa suruali nyeusi.

"Basi huyo fundi mwenzangu," akasema, "mwambie amekosea kidogo. Soli inalika ukingo wa nje. Mguu unalalia nje. Jioni kiuno kinakuuma, au nasema uongo?"

Mkono wa Profesa ulikuwa tayari kiunoni. Ukumbi ukapasuka kwa vicheko na makofi, na safari hii fundi alivisikia vyote, akavipenda.

Saa nane karatasi ilibandikwa ubaoni. Namba mbili tu. Binti aliisoma ya pili, akaisoma tena, akaishika kwa kidole ili isimkimbie, kisha akamrukia baba yake shingoni kama mtoto. Mama mtu alipiga ukelele uliomtoa mlinzi getini.

Ndani ya basi la kurudi, fundi aliitazama miguu ya binti yake.

"Kamba yako iliungua," akasema hatimaye. "Tangu chekechea. Sikuwa nimekwambia."

Binti akavua kiatu cha kulia, akamwekea babaye mapajani. Kisigino kilikuwa kimekwisha. "Tuanze upya, baba."

*

Jumamosi iliyofuata mchora mabango alipanda ngazi. Akafuta mstari mwekundu, akaandika mwingine, na fundi akiwa chini alimwelekeza ukubwa wa herufi kwa mikono. FUNDI VIATU. BABA FUNDI MIGUU.

Benchi lilikuwa limejaa tena. "Hatibu!" fundi alimtangazia kila aliyefika, kwa fahari ile ile aliyokuwa akitangazia kinyume chake. "Mwenye homa aende hospitali. Hapa unavua viatu, unatembea mpaka kwenye nguzo ile, unarudi. Anaandika. Mifupa hamsini na miwili, mnafikiri mchezo?" Dereva wa lori alitembea. Muuza mkaa alitembea. Mama mkwe alitembea mara mbili, ya pili kwa maringo.

Kinyozi alisimama pembeni asubuhi nzima na mikono nyuma. Alisoma bango kwa sauti, akacheka, akarudi kwake, akatoka tena. Mwisho alikuja akakaa kwenye benchi, akavua viatu bila kumtazama mtu.

"Miaka ishirini nanyoa nimesimama," akasema. "Goti hili, jirani..."

Fundi alishaivuta kamba yake guniani. "Ulianza kuegemea kulia mwaka wa tisa."

"Na hukuniambia?"

"Tulikuwa tumenuniana."

Kinyozi akatembea mpaka kwenye nguzo, akarudi. Binti akampigia magoti, akaiangalia miguu ile mikavu, kisha kamba, kisha miguu tena. Dakika ikapita, ya pili ikaanza, na kinyozi akaona haya, vidole vikamchezacheza kwenye vumbi.

"Jirani, mbona mtoto ananitazama tu?"

"Tulia," fundi akasema, akiloweka uzi mdomoni. "Ndiyo kazi yenyewe."